Mashine Kuukuu ya Boti: Nunua Ubovu Wenye Bei

Ukitafuta mashine ya boti iliyotumika huku kwetu Mwanza, itafute wakati wa mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa hawaifuati taa tena, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanarudi makwao au wanashinda wakishona nyavu na kucheza bao, na hela inakata. Siku hizo ndizo mashine za kuuza zinapojitokeza. Mtu aliyekuambia wakati wa giza kwamba yake haiuzwi hata kwa dawa, sasa anakupigia simu mwenyewe. Tena hana safari ya kuwahi, kwa hiyo hana kisingizio cha kukuzuia usiijaribu mpaka uridhike.

Mimi si mvuvi wala si fundi. Ni mama wa dagaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nanunua Igombe na Kayenze, naanika, kisha napeleka Mwaloni pale Kirumba, soko ambalo dagaa wake wanafika mpaka Kongo. Baadaye nikaunda mtumbwi wangu, nikampata nahodha, mzee wa Ukerewe asiyependa maneno mengi, naye akaja na vijana wake. Mashine tukawa tunakodi. Adha ya kukodi ni kwamba siku dagaa wanapopatikana kweli ndiyo siku mwenye mashine anapoitaka mwenyewe, na siku ziwa limechafuka anakusukumia hata kama hujaiomba. Kwenye mgao anachukua fungu lake, na usingizi alilala kwake. Nikasema basi, tununue yetu. Mpya ilikuwa nje ya uwezo wangu bila mkopo, na mimi siwezi kubeba riba ya kila mwezi kwa biashara ambayo mvua ya siku mbili ikiikuta kwenye vichanja inageuka chakula cha kuku.

Kabla sijaenda kuona mashine hata moja, nilizunguka kwanza kwenye maduka ya spea mjini. Nilikuwa na karatasi aliyoniandikia fundi: impela ya pampu ya maji, ringi za pistoni, sili za mguu, plagi, koili, pangaboi. Kila duka nikauliza, hivi mnavyo vya mashine gani? Jibu likawa lilelile: Yamaha, za nguvu za farasi 15 na farasi 40, zile Enduro za kuchanganya oili kwenye petroli. Za aina nyingine, "tutakuagizia mama, utatuachia nusu ya hela." Sijawahi kupenda sentensi hiyo.

Kwa hiyo nilipoletewa habari za Johnson ya farasi 25, bei ya kutupa, tena inawaka kwa mvuto mmoja, nilishukuru nikaiacha. Johnson na Evinrude zilikuwa mashine za heshima. Lakini kampuni iliyokuwa nazo, BRP, ilifunga utengenezaji wa Evinrude mwaka 2020, na jina la Johnson lilikuwa limeshatangulia kuondoka. Spea zake najua zipo duniani. Mimi nilitaka kujua kama zipo Mwanza, Jumatatu asubuhi, siku za giza zimeshaingia, na vijana wamekaa juu ya nyavu wananitazama.

Jambo jingine nililolifanya mapema ni kupima tezi ya mtumbwi, yaani kule nyuma mashine inakofungwa. Mashine hizi zipo za mguu mfupi na za mguu mrefu, inchi 15 na inchi 20, mguu ukiwa ile sehemu inayoshuka majini, na muuzaji mara nyingi hata hakumbuki yake ni ipi. Mguu ukiwa mfupi kwa mtumbwi wako, pangaboi linapanda karibu na uso wa maji, linapiga hewa, mashine inapiga kelele na chombo hakiendi. Ukiwa mrefu mno unaburuza chuma majini bure na kugonga mawe wakati wa kutia pwani, na mawe Mwanza ni mengi. Ile bapa iliyo juu ya pangaboi inatakiwa ikae karibu usawa wa chini ya mtumbwi. Nilikata kijiti cha kimo cha tezi yangu nikawa natembea nacho kwenye mkoba. Watu walicheka, nami nikakiacha mkobani humohumo.

Mashine ya kwanza kuikagua kwa dhati ilikuwa Igombe. Farasi 15, inang'aa, rangi mpya kuanzia kofia mpaka mguuni, na stika mpya juu yake. Mwenyewe akatueleza kwamba imefanya kazi Ukara tu, maji ya ziwa maisha yake yote, mikononi mwa mtu mmoja. Fundi wangu, kijana wa Igogo mwenye tabia ya kusalimia mashine kabla hajasalimia watu, akaingiza kiganja chini ya kofia.

"Baba, hii imeshaamshwa leo."

"Aa, nimeipasha kidogo tu, msije mkahangaika na kamba."

"Haina shida. Tutasubiri ipoe. Mama, sogea kivulini."

Tukasubiri. Mashine iliyochoka ikishapata moto inawaka vizuri tu. Uchovu wake unauona ikiwa imelala usiku kucha. Ukikuta imepashwa, ama unasubiri ama unarudi kesho bila kupiga simu.

Muda wa kusubiri haukupotea. Fundi alikuwa anaizunguka na bisibisi yake, hagusi kitu kikubwa. Chini ya ile bapa, karibu na pangaboi, kuna kipande kidogo cha zinki kimefungwa kwa skrubu. Kimewekwa makusudi ili maji ya chumvi yakile chenyewe yaache chuma cha mashine. Ziwani kwetu hakuna chumvi, kwa hiyo kipande hicho kinaweza kukaa miaka kikabaki na kona zake zote. Cha mashine hii kilikuwa kimeliwa mpaka kichwa cha skrubu kimebaki peke yake. Fundi akanionyesha kwa kidole, hakusema kitu. Kisha akajaribu boliti moja ya kifuniko cha silinda, ikagoma. Akakwangua rangi mpya pembeni yake kwa ncha ya bisibisi, chini ukatoka unga mweupe, ule unaoota aluminiamu ikiliwa na chumvi.

"Hii imeoga bahari," akaninong'oneza.

Mashine ya pwani si haramu. Zipo zilizotoka Tanga na Mafia zinazofanya kazi ziwani vizuri, kama mwenyewe alikuwa anaisafisha kwa maji yasiyo na chumvi kila siku. Lakini chumvi inajenga ndani ya njia za maji ya kupoza, ambako huoni, na inashika boliti. Kazi ya kubadilisha gasketi, ambayo kwa mashine ya ziwani ni ya saa chache, kwa ile ya pwani inaanza kwa boliti tatu kukatika. Zaidi ya hapo, ilikuwa imeshanipa jibu tofauti na la mwenyewe. Tangu hapo nikawa naisikiliza mashine tu.

Ilipopoa, fundi akafungua plagi, akafunga geji yake ya kupima mgandamizo kwenye tundu, akafungua akseleta yote na kuvuta kamba mpaka mshale ukaacha kupanda. Silinda ya juu 95. Ya chini 70. Alirudia, ikawa hivyohivyo. Wapo wanaobishana kuhusu namba yenyewe, na ni kweli kwamba huku juu namba zinashuka kidogo: ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na mashine ileile inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikipanda huku. Ila hewa nyepesi ni ya silinda zote mbili. Tofauti ya 25 kati ya ndugu wawili wanaokaa ndani ya chuma kimoja haiji kwa sababu ya mwinuko. Ni ringi, au pistoni iliyokwaruzwa, au silinda yenyewe imekwisha. Na hujui ni ipi mpaka uifungue, na haifunguliwi mpaka uinunue.

Mwenyewe akashusha laki 2. Tukiwa tunakusanya vifaa akashusha nyingine 2. Laki 4 kabla hata hatujaaga: hizo zilinitisha kuliko geji.

Njiani kurudi, kwenye daladala, fundi alisema jambo ambalo ndilo nililolishika katika biashara yote hii. Nilimuuliza, je, kwa bei ile ya mwisho tusingeichukua tukaitengeneza? Akaniambia, "Mama, kuna ubovu wenye bei na ubovu usio na bei. Impela ina bei. Sili ina bei. Ile nikikutajia bei nitakuwa nakudanganya."

Mashine kuukuu lazima iwe na ubovu. Anayekuambia haina, ama hajui ama anajua sana. Kinachotakiwa ni ubovu unaoweza kuuandika kwenye karatasi, ukauwekea hela pembeni, ukajumlisha. Pale karatasi inapobaki na mstari mmoja usio na namba, mashine hiyo inakwenda kwa mtu mwingine, hata ikiwa ya bei rahisi, na hasa ikiwa ya bei rahisi.

Ya pili ilikuwa Kayenze, kwa mzee mmoja aliyeacha uvuvi kwa sababu ya magoti. Tulimkuta nje anachambua maharage.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mmekuja kuona kizee mwenzangu?"

Mashine ilikuwa mbaya kwa sura. Rangi imebabuka, kofia ina ufa uliofungwa kwa waya wa nyavu, mpini umefungwa raba ya tairi. Kijiti changu kilikaa sawa kwenye mguu wake. Tuligusa silinda, baridi. Zinki ilikuwa na kona zake, imeshika ukungu tu. Geji ikasema 105 na 102. Kabla ya kufunga geji fundi alikuwa amechungulia kwenye matundu ya plagi kwa tochi na kuyafuta, kwa sababu kuna watu wanadondoshea oili kidogo mle ndani ili kipimo kipande. Oili inaziba nafasi ya ringi kwa muda mfupi, na wewe ukinunua, unanunua oili. Hapa palikuwa pakavu.

Kisha akalegeza skrubu ya chini ya mguu kumwaga oili ya gia. Hiki ni kipimo cha dakika mbili na wauzaji wengi hawakipendi. Oili nzima inatoka nzito, ya dhahabu au nyeusi. Iliyotoka hapa ilikuwa chai ya maziwa. Maji yameingia, na mara nyingi maana yake ni sili ya shafti ya pangaboi imekwisha. Mzee akacheka, akasema alijua, kila akiiweka oili inakuwa hivyo baada ya muda. Fundi akapitisha kidole kwenye ile skrubu, ambayo ina sumaku, akatafuta vipande vya chuma. Palikuwa na vumbi la kijivu tu, hakuna jino la gia. Tukaandika: sili, na oili mpya.

Tukaitia kwenye pipa la maji. Ikawaka kwa mvuto wa tatu, moshi mwingi mwanzoni halafu ukapungua. Lakini ilikuwa inakojoa kwa shida. Ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma, ambao ndio unakuambia pampu inapoza mashine, ulikuwa mwembamba, unakatika. Fundi akazima haraka, akachokonoa tundu kwa waya. Likatoka jani lililooza. Magugu maji haya. Yakijaa pwani yanaingia kila mahali. Mchirizi ukaongezeka lakini haukuwa wa kuridhisha. Tukaandika: impela. Mashine zinazotia pwani kwenye mchanga kila siku zinakula impela, na impela ikifa ukiwa katikati ya ziwa, mashine inapata moto, pistoni inashika. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu mpaka leo, mwenye mpini akitazama mbele mara moja, atazame nyuma kwenye mkojo mara mbili.

Pipa halitoshi. Ndani ya pipa mashine haina mzigo, na mashine isiyo na mzigo ina tabia njema. Kwa hiyo nikaomba tuipeleke ziwani na mtumbwi wangu, na petroli yangu niliyoichanganya mwenyewe. Hili la petroli nililisisitiza. Muuzaji akichanganya oili nyingi kupita kiasi, mashine iliyochoka inatulia na kelele za vyuma zinapungua. Mashine hizi kwa kawaida zinataka lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani kwa galoni la lita 20 unaweka mililita 400, karibu chupa nzima ya maji ile ya nusu lita pungufu kidogo. Zipo za zamani zaidi zinazotaka mara mbili ya hapo. Muulize mwenyewe alikuwa anaweka ngapi, kisha nyamaza usikilize. Mzee alijibu bila kufikiri, akaonyesha na chupa yenyewe, ina alama ya kisu pembeni. Alama ile ilinishawishi kuliko maelezo yoyote.

Tulipakia vijana wanne na magunia ya mchanga, tukaelekea upande wa kisiwa cha Bezi. Nahodha wangu ndiye aliyeshika mpini. Fundi anajua chuma, lakini nahodha anajua chombo. Kwanza aliiacha inguruma polepole muda mrefu, karibu tukachoka. Kwa kazi ya dagaa hilo ni muhimu, maana mnazunguka taa na wavu kwa mwendo wa kobe, na mashine inayozima ikipunguzwa itawafanya mvute kamba usiku kucha. Haikuzima. Kisha akafungua yote. Hapo alikuwa anasikiliza vitu viwili. Gia ikichoka, inaruka ikipewa nguvu. Unasikia kishindo, mashine inapaza sauti, mtumbwi unalegea, halafu inashika tena. Na raba iliyo ndani ya pangaboi ikichoka, mashine inazunguka kasi lakini chombo hakiongezi mwendo. Cha kwanza hakikutokea. Cha pili kilitokea kidogo, karibu na mwisho wa akseleta. Nahodha akasema neno moja, "pangaboi," nami nikaandika.

Kisha tukazima katikati ya maji tukakaa. Vijana wakadhani tumemaliza. Nahodha alitaka moto ukae ndani, kwa sababu koili mbovu mara nyingi zinafanya kazi zikiwa baridi na kugoma zikishapata moto. Mashine ya namna hiyo inakupeleka vizuri na kukataa kukurudisha. Baada ya muda wa kutosha akavuta kamba. Ikaitika kwa mvuto wa pili. Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Labda msomaji wa mjini ataona tunazidisha. Wavuvi wa ziwa hili wanajua saa ambazo ziwa linabadilika. Mvua za radi za Ziwa Victoria zinapenda usiku wa manane mpaka alfajiri, na ndizo saa ambazo mitumbwi ya dagaa iko mbali. Saa kumi usiku, upepo umevuma ghafla, mnataka kukimbilia nchi kavu. Mashine ikigoma saa hiyo, bei uliyopunguziwa haina maana yoyote. Ndiyo sababu hata tulipoinunua sikukubali makasia yabaki nyumbani. Mashine kuukuu inakwenda ziwani na makasia, plagi mbili za akiba, spana yake, pini, kamba ya kuwashia, na majaketi okozi ya idadi ya watu. Na ningekuwa nasafirisha abiria, nisingeinunua kabisa. Vijana wangu wanajua kupiga kasia na wamekubali kazi hiyo. Abiria amelipa nauli tu.

Palibaki karatasi. Mashine zinaibwa ziwani, nyingine kwa kuwanyang'anya wavuvi wakiwa kazini, na ukikutwa na ya wizi hakuna atakayekusikiliza kwamba ulitoa hela halali. Namba ya mashine imo kwenye kibati kilichobandikwa kwenye bano la kufungia tezini. Kibati kinaweza kung'olewa. Kwenye mashine nyingine namba hiyo imerudiwa kwenye chuma chenyewe, na hii ilikuwa nayo. Tulisoma zote mbili kwa tochi na brashi ya meno, zikalingana, zikalingana na risiti ya mzee, iliyokunjwa mpaka imekuwa vipande vinne. Bado sikutoa hela. Tulikwenda kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wanaoijua kila mashine pale, wakathibitisha ni yake na haina deni. Hili la deni wengi wanalisahau: mashine inaweza kuwa halali ya mtu na bado imewekwa rehani kwa tajiri wa dagaa. Mkataba ukaandikwa ofisi ya mtaa, namba ikaandikwa ndani ya mkataba, mke wa mzee na mtoto wake mkubwa wakatia sahihi. Mke nilimtaka mimi. Mzee alishangaa kidogo, lakini mama mwenyewe alinitazama akaelewa.

Bei aliyoanza nayo ilikuwa milioni 3. Sikusema ni ghali, wala sikusema mashine yake ni mbovu. Kumtukania mzee mashine iliyomsomeshea watoto ni ukosefu wa adabu na pia ni biashara mbaya. Nilimpa karatasi: sili, impela, raba ya pangaboi, plagi, kofia, na bei ya kila kitu kama nilivyoikuta madukani. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akakata mstari wa kofia. "Kofia haipeleki mtumbwi," akasema. Nikakubali. Tukaishia milioni 2 na laki 4, pamoja na tangi lake jekundu na mpira wa mafuta, ambao ukiununua mpya utajuta. Matengenezo yalikula laki 3 na kidogo, karibu na karatasi. Kofia bado ina waya.

Kuna hesabu moja ambayo naona watu wanaiacha, na kwangu ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko bei ya kununulia. Farasi 15 ikifunguliwa yote inakunywa lita kadhaa kwa saa. Kwenye mgao wetu mafuta na chakula vinatolewa kwanza juu ya mauzo, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati yangu na vijana. Kwa hiyo mashine yenye kabureta mbovu haininyonyi mimi peke yangu, inawanyonya na wao, na wavuvi wanaonyonywa wanaanza kuuza dagaa kulekule ziwani. Tangu tuinunue, nahodha anaandika kwenye daftari lita zilizoingia na mahali walikokwenda. Lita zikipanda bila safari kurefuka, fundi anaitwa kabla mashine haijalalamika. Mara moja ilikuwa jeti ya kabureta imeziba nusu. Mara nyingine ilikuwa petroli ya kidumu iliyochanganywa na mafuta ya taa, na muuzaji wake sasa ananiamkia kwa mbali.

Tulipewa pia mashine moja ya Dar es Salaam kwa picha za simu, nzuri, bei nzuri, "itume hela ntaipakia kwenye basi." Hata kama mtu yule ni mkweli wa dhati, kabureta iliyosetiwa usawa wa bahari ikifika huku inapewa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, inatoa moshi, inachafua plagi, na huenda ukahitaji kubadilisha jeti kabla hujajua kama ni nzima. Na huwezi kusubiri ipoe kwenye picha.

Siku hizi nahodha wangu ameanza maneno. Anasema farasi 15 na mzigo wa dagaa, upepo wa mbele wa mwezi wa saba, ni kuteseka. Wenzake wana 40, wanafika mwaloni mapema na kupata bei ya asubuhi. Hilo la bei ya asubuhi ni kweli, nimelipima mwenyewe pale Kirumba. Lakini 40 ikifunguliwa yote inakunywa zaidi ya mara mbili ya hii, na tezi yangu ilijengwa kwa ajili ya 15. Ingebidi kuiongezea mbao na vyuma kwanza. Nimemwambia anipatie bei ya seremala, aniletee na daftari lake la miezi mitatu. Kuna moja inauzwa Luchelele, farasi 40, rangi yake ya kiwandani, imebabuka vizuri. Ameshakwenda kuichungulia bila kuniambia, na amerudi na kipimo cha mguu wake kwenye kijiti.